Tusadiki Khabari za Nani?

Kila jioni baada ya sala ya Isha, barazani petu huzuka mzozo mmoja ambao kwa muda mrefu tumeuona kuwa ni mchezo wa maneno tu, kumbe ndani yake mna jambo kubwa la dini. Mmoja husema, "Mimi nimesikia BBC." Wa pili humjibu, "BBC ni ya Waingereza. Sikiliza Al Jazeera." Wa tatu hucheka na kusema kwamba Al Jazeera nayo yaendeshwa kwa fedha za dola ya Qatar, na kwamba yeye hasadiki ila yale aletewayo na watu wake katika simu. Na yuko mzee wetu mmoja ambaye huyafunga mazungumzo kwa kusema kuwa wote ni waongo, kisha hunywa kahawa yake akatulia, kana kwamba amekwisha ipasua kesi.

Ndugu msomaji, neno la mzee yule ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kwani asemaye kuwa wote ni waongo hakuhukumu kitu. Amejipumzisha tu na taabu ya kuhukumu. Wala hilo si jambo tulilopewa ruhusa nalo. Mwislamu hupiga kura kwa khabari, hutoa sadaka kwa khabari, hupenda watu na kuwachukia kwa khabari, na siku nyingine huombea kheri au shari watu wa nchi ya mbali asiowaona, yote hayo kwa khabari. Itakuwaje basi aseme kwamba mlango uliomwingizia mambo yote haya hajui kama ni wa kweli au wa uongo, na kwamba hajali?

Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha kwamba anapotujia fasiki na khabari tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukashikwa na majuto. Aya hii twaisoma sana, na wahubiri wetu waitaja sana. Lakini twaisoma kana kwamba fasiki ni mtu wa upande wa pili siku zote. Yafaa tuitazame sababu ya kushuka kwake kama walivyoipokea wafasiri wengi. Mtume (S.A.W.) alimtuma mjumbe kwa Bani Mustaliq akakusanye zaka. Baina ya mjumbe yule na watu wale palikuwa na uadui wa zama za ujahili. Waliposikia kwamba mjumbe wa Mtume yuaja, walitoka kwa wingi kumlaki. Yeye alipouona umati kwa mbali aliingiwa na hofu, akarudi Madina akasema kuwa wameizuia zaka na kwamba walitaka kumwua. Watu wakahamaki, na ikakaribia watu hao kupigwa vita, mpaka ukweli ulipodhihiri.

Twamwomba msomaji akae kidogo na kisa hiki. Mjumbe yule hakuwa mtu wa gazeti la maadui. Alikuwa ametumwa rasmi, na lau tungalikuwapo sisi tungalisema, "Hii ni khabari ya serikali yetu wenyewe, nani wa kuitilia shaka?" Tena hakuibuni khabari yote. Umati ulikuwapo kweli, na ulitoka kweli, na ulimwelekea yeye kweli. Alilolikosa ni maana ya alichokiona. Na pale maana ilipokosekana, uadui wa zamani ulikuja ukaijaza. Hivyo ndivyo upendeleo ufanyavyo kazi katika khabari mpaka leo. Ni mara chache mwandishi kukaa mezani akatunga uongo toka mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi huona umati, kisha moyo wake humwambia umati ule umekuja kufanya nini.

Na jingine: aya haikusema tuikatae khabari ya fasiki. Imesema tuihakikishe. Maana yake fasiki naye huweza kusema kweli, na mwenye kuitupa khabari kwa sababu ya kumchukia aliyeileta amevunja amri kama alivyoivunja mwenye kuimeza.

Sasa lipo swali gumu zaidi. Haiwezekani kila mtu kuhakikisha kila khabari. Muuza samaki wa Mwembe Tayari hawezi kwenda Nairobi kuona Bunge lilisema nini, wala mwalimu wa chuo hawezi kwenda Gaza. Hapana budi tumtegemee mtu. Je, twaweza kumtegemea mtu ambaye twajua kabisa kuwa ana upande wake?

Hapa twastaajabu kuona kwamba Waislamu wa leo wanatafuta jawabu mbali, hali ya kuwa maimamu wao walilishughulikia swali hili hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wanavyuoni wa Hadithi walikuwa na kazi ya kujua ni khabari ya nani ikubaliwe, na walikuwa wakiishi katika zama za fitina, ambapo wapokezi wengi walikuwa na vyama vyao: huyu Khariji, huyu Shia, huyu Murjia, huyu Qadari. Lau wangaliwatupa wote wenye upande, sehemu kubwa ya ilimu ingalipotea. Lau wangaliwakubali wote, uongo ungaliingia ndani ya dini. Wakakaa wakapambanua.

Imam Bukhari amepokea katika Sahihi yake kutoka kwa Imran bin Hittan, naye alikuwa Khariji, tena mshairi wao, aliyemsifu muuaji wa Sayyidna Ali (R.A.). Hebu fikiri: mtu aliyemsifu muuaji wa khalifa wa nne, na Bukhari apokea kwake! Wapo wanavyuoni waliomlaumu kwa hilo, na wapo waliomtetea. Na waliowatetea wapokezi wa Kikhawarij walitoa hoja ambayo haiwezi kumpita mtu mwenye akili: Makhawarij walikuwa wakiona kusema uongo ni dhambi kubwa, na mwenye dhambi kubwa kwao ni kafiri, basi madhehebu yao yenyewe yaliwazuia kusema uongo. Walipotea katika rai, lakini ndimi zao zilikuwa salama.

Imam Shafii (Mungu amrehemu) akalifikisha jambo hili kwenye mzizi wake. Imepokewa kwamba aliukubali ushahidi wa watu wa bidaa na hawaa, isipokuwa kundi moja lililoitwa Khattabiyya. Kwa nini hao? Si kwa kuwa upotevu wao ulikuwa mkubwa kuliko wa wengine, bali kwa kuwa waliona ni halali mtu kutoa ushahidi wa uongo kwa ajili ya mwenzake wa kundi moja. Kwa maoni yetu hapa ndipo ulipo ufunguo wa mjadala wetu wote. Usimwulize mleta khabari, "Wewe una upande?" Kila mtu ana upande, na asemaye hana ndiye wa kuogopwa zaidi. Mwulize, "Je, upande wako wakuruhusu kusema uongo kwa ajili yake?"

Na wengine wakaongeza sharti: mpokezi mwenye bidaa hupokewa yale yasiyoitilia nguvu bidaa yake, ama yanayoitilia nguvu, hapo husimamishwa. Hii nayo ni mizani tunayoweza kuitumia kila siku. Redio ya dola fulani ikitupa khabari ya tetemeko la ardhi, au bei ya ngano, twaisikiliza kama tusikilizavyo redio nyingine yoyote. Ikitupa khabari ya adui wa dola hiyo, twatulia kwanza.

Tuje sasa kwenye mambo yaliyotufika sisi wenyewe, nasi tutaanza na la kwetu kabla ya la mwenzetu. Tangu mwaka 1954 Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, na wazee wetu wa pwani wamesimulia jinsi watu walivyokuwa wakikusanyika penye redio kuisikiliza. Ilikuwa sauti iliyosema na Mwafrika na Mwarabu na Mwislamu bila ya kumdharau, wakati ambapo mkoloni alikuwa akisema nasi kwa amri. Ilipendwa kwa haki. Hata BBC ilipoanza Kiswahili mwaka 1957, wengi waliisikiliza huku wamekunja uso.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 5 Juni, 1967. Ndege za Israeli zilivishambulia viwanja vya ndege vya Misri, na kwa muda wa saa chache sehemu kubwa ya ndege za Misri ziliteketea chini, bila ya kuruka. Siku hiyo hiyo Sauti ya Waarabu ya Cairo, kwa ulimi wa Ahmed Said, iliwatangazia watu kwamba ndege za adui zinaangushwa kwa makumi na kwamba ushindi umekaribia. Watu wakatoka njiani wakishangilia, wakaliana mabegani kwa furaha. Siku ya pili ikatangazwa kwamba ndege za Marekani na Uingereza zimeshiriki katika mashambulio, na hilo nalo halikuwa kweli. Mpaka tarehe 9 Juni, Gamal Abdel Nasser aliposimama na kutangaza kujiuzulu, ndipo mamilioni ya watu walipofahamu kwamba siku nne walikuwa wakisherehekea mazishi yao.

Twajua kuna watakaosema, "Ilikuwa vita, na vita ni hila." Hila ya vita hufanyiwa adui. Adui siku ile alijua vyema ni ndege ngapi zimeteketea, kwani ndiye aliyeziteketeza. Aliyehadaiwa ni rafiki. Aliyehadaiwa ni mama wa askari aliyekuwa Sinai, na kijana wa Amman, na wapenzi wote wa sauti ile popote walipokuwa. Huo ulikuwa ushahidi wa Khattabiyya: uongo uliohalalishwa kwa kuwa ni kwa ajili ya wenzetu. Na khasara yake haikwisha vitani. Watu waliozoea kuisadiki sauti ile kwa mapenzi, wengi wao tangu siku hizo hawakusadiki tena sauti yoyote ya Kiarabu; wakawa kama mzee wetu wa barazani.

Wala hatusemi haya ili tuwasafishe wengine. Mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, palikuwa na redio ya Kiarabu katika kisiwa cha Cyprus iliyoitwa Sharq al-Adna. Watu waliisikiliza kwa miaka wakidhani ni redio ya biashara na nyimbo, kumbe nyuma yake ilikuwapo serikali ya Uingereza. Na vita vilipoanza ikachukuliwa waziwazi ikaitwa Sauti ya Uingereza, na watangazaji wake wa Kiarabu wakaiacha. Wanavyuoni wa Hadithi wana jina la kitendo hiki: tadlisi, yaani mpokezi kumficha yule aliyempokea. Walikichukia mno, na Shuuba, imamu mkubwa wa ilimu hii, alikuwa mkali juu yake kupita kiasi. Khabari isiyo na mwenyewe, au yenye mwenyewe aliyefichwa, haifai hata ikipambwa kwa sauti nzuri namna gani.

Lakini katika vita vile vile vya Suez, BBC yenyewe iligombana na Waziri Mkuu Eden, kwa kuwa ilimruhusu mpinzani wake Gaitskell kusema na taifa dhidi ya vita. Hili nalo lazima tulitaje, kwani si uadilifu kuhesabu makosa ya watu na kuyafunika mema yao. Na kabla ya vita vya Iraq vya mwaka 2003, magazeti makubwa ya Marekani yaliwasadikisha watu juu ya silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana. Kisha tarehe 26 Mei, 2004, gazeti la New York Times likaandika kwa wasomaji wake kwamba baadhi ya khabari zake hazikuchunguzwa kama ilivyopasa. Ungamo lile lilikuja baada ya nchi kuvunjika, na halikumfufua mtu. Hata hivyo twauliza: ni gazeti gani la upande wetu lililopata kutuandikia ungamo kama lile? Ali bin al-Madini, mwalimu wa Bukhari, aliulizwa juu ya baba yake mzazi, naye baba alikuwa mpokezi wa Hadithi. Akasema waulizwe wengine. Waliporudia kumwuliza aliinamisha kichwa, kisha akasema kuwa hii ni dini, na baba yake ni dhaifu. Nani katika wahariri wetu awezaye kusema hivyo juu ya mbunge wa chama chake, sembuse baba yake?

Hapa kwetu Kenya twafahamu hali ilivyo. Gazeti la African Standard lilianzishwa hapa hapa Mombasa mwaka 1902 na tajiri wa Kihindi, A. M. Jeevanjee, baada ya miaka michache likauzwa kwa Wazungu, na likawa sauti ya walowezi waliomkataza Mhindi huyo huyo ardhi ya nyanda za juu. Jina lilibaki, mwenye mali akageuka, na sauti ikageuka. Daily Nation lilianzishwa mwaka 1960 na Aga Khan. Katika miaka iliyofuata, familia za marais wetu wawili zimepata kuwa na hisa kubwa katika mashirika ya khabari. Ajua haya msomaji ataelewa kwa nini jambo fulani laandikwa ukurasa wa kwanza na jingine kwenye pembe ya ukurasa wa kumi na nane. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, hakuwa na mali ya matajiri hawa. Lakini alifahamu kwamba watu wasio na karatasi yao husomewa khabari zao wenyewe na wageni. Maneno hayo ya mwisho ni yetu, si yake. Lakini kazi yake yaonyesha hivyo.

Na tusisahau kwamba kunyamaza nako ni khabari. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 vyombo vya khabari vya Kenya vilisifiwa kwa kutuliza watu, baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Na vilevile vililaumiwa kwamba kwa kuogopa fitina viliacha kuuliza maswali yaliyopasa kuulizwa. Sisi hatuoni wepesi wa kuhukumu hapa. Kuna neno la kweli ambalo lisemwapo kwa wakati usiofaa huua. Lakini mhariri aliyezoea kunyamaza kwa ajili ya amani, kesho atanyamaza kwa ajili ya tangazo la biashara, na hatajua ni siku gani alivuka mpaka.

Imebaki simu. Vijana wetu husema, "Khabari hii imeniijia kutoka makundi kumi, haiwezi kuwa uongo." Wamedhani hiyo ndiyo mutawatiri. Mutawatiri ni khabari ya wengi waliopokea kwa wengi, tangu mwanzo wa sanadi mpaka mwisho wake. Hadithi mashuhuri ya nia, ambayo kila mtoto wa chuo anaijua, wanavyuoni wamesema kuwa mwanzo wake ni ya mtu mmoja mmoja: Umar, kisha Alqama, kisha Muhammad bin Ibrahim, kisha Yahya bin Said, na ni baada ya Yahya tu ndipo ilipoenea kwa watu wengi. Wingi wa mwisho haukuwadanganya wakasema ni wingi wa mwanzo. Waliisahihisha kwa sababu waliwajua wale wanne mmoja mmoja, wakajua ukweli wao na hifadhi yao. Na ile picha iliyotoka katika makundi kumi, nani wa kwanza wake? Aitwa nani? Alikuwapo?

Hapa yanipasa niiache ile "sisi" ya waandishi niseme "mimi."

Katika wiki za mwisho kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, 2022, nililetewa picha ya imamu wa msikiti mmoja wa mji huu akipokea bahasha mkononi mwa mtu wa mgombea ambaye mimi sikumtaka. Chini yake paliandikwa kwamba mimbari imekwisha uzwa. Sikumwuliza mtu. Wala sikudhani kuwa nafanya ubaya. Nilijiona nakataza maovu. Niliipeleka mbele, na nikaongeza neno langu, na wengine wakaipeleka kwa sababu ni mimi niliyeipeleka, kwani hunidhani kuwa mtu wa kupima mambo. Ijumaa iliyofuata nusu ya safu walikwenda kusali msikiti mwingine. Baada ya mwezi imamu aliondoka.

Picha ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ni nikahi, na mtu yule alikuwa mjomba wa bwana harusi, na ndani ya bahasha mlikuwa na mahari, ambayo walii alimwomba imamu aipokee mbele ya mashahidi. Niliyajua hayo baada ya uchaguzi, kwa mtu aliyekuwapo. Niliona umati, nao ulikuwapo kweli; na moyo wangu ulikuwa na uadui wa zamani.

Nilimfuata alikohamia, ambako husomesha watoto. Alinikaribisha vizuri, tukaletewa chai, nami nikasema niliyokwenda kuyasema. Alinyamaza kidogo kisha akaniambia, "Shekhe, la kwangu mimi nimekusamehe, na Mungu akusamehe. Lakini wewe uliwapelekea wangapi?"

Niliitoa simu nikahesabu. Makundi yalikuwa manne, na ndani yake watu zaidi ya mia sita. Usiku ule niliwaandikia wote kwamba nilisema uongo juu ya mtu huyu, na nikaeleza picha ilikuwa ya nini. Katika makundi matatu walinijibu watu tisa. Kundi la nne lilikuwa limekwisha vunjwa baada ya uchaguzi, na waliokuwamo wengi wao siwajui hata majina.